Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kwa Nini Wasee Wawili Wanadishi Kisumu na Kurudi na Stori Mbili Tofauti

Uliza wasee wawili waliodishi Kisumu wikendi moja. Wa kwanza atakuambia hajawahi kula samaki mtamu kama ule, ugali ulikuja ukitoa moshi, na mama akaongeza mchuzi bila kuulizwa. Wa pili atakuambia alingoja hadi akasahau aliitisha nini, bili ikaja imenona kuliko samaki mwenyewe, na beshte aliyempa hiyo fom amefungiwa namba hadi leo. Ukiwachimba zaidi, utapata walikaa ufuo mmoja, Jumamosi moja, na wote waliitisha ngege wa wet fry.

Nani anadanganya? Hakuna. Kudishi nje Kisumu kuna sheria zake, na hakuna mahali zimebandikwa ukutani. Mwenyeji anazijua tangu utotoni, mgeni anazijua wakati bili imeshafika mezani. Karibu malalamiko yote unayosikia kuhusu dishi ya Kisumu yanatokana na maswali manne: samaki alitoka wapi, nani alimchagua, bei ilitajwa lini, na wewe ulijua unangoja nini?

Tumeyapanga hapa moja moja. Soma kabla hujapanda mathree.

Ramani ya dishi: unaenda wapi?

Kisumu ilizaliwa 1901 reli ilipofika ziwani, na wakati huo iliitwa Port Florence. Tangu siku hizo reli, bandari na samaki wamekuwa majirani. Ndio maana hapa dishi ya kuonyesha mgeni ni ya kando ya maji, na kila mtu ana ufuo wake anaoapa ndio bora. Kwa jumla, kuna sehemu nne za kula, na kila moja ina raha zake na noma zake.

*Ufuoni.* Dunga ndiyo inatajwa sana siku hizi. Iko kilomita chache kusini mwa tao, karibu na Hippo Point, na nduthi au tuktuk inakufikisha. Ni kijiji cha wavuvi kabisa: boti zinaingia hapo, samaki wanapimwa hapo, na vibanda vya kupika viko hatua chache tu. Kuna daraja la mbao la kutembelea juu ya maji na kinamasi cha mafunjo chenye ndege ambao watu hutoka mbali kuja kuwaangalia. Jioni jua linazama juu ya ziwa, na hapo ndipo foto zote unazoona hupigwa.

*Vibanda vya tao na mtaa.* Kibuye, Kondele, karibu na stendi na kando ya masoko. Hapa ndipo wenye mji wanakula lunch siku ya kazi. Hakuna mandhari, kuna sahani imejaa.

*Hoteli za Milimani na mall.* Viti vina mito, menyu iko kwa kitabu, choo kina maji. Unalipia hiyo yote.

*Obunga.* Hapa ndipo nyumbani kwa mgongo wazi. Tutarudi huko, kwa sababu stori yake ni nzito kuliko sahani.

Usifuate ushauri wa mwaka juzi

Ukiuliza msee aliyesoma Kisumu kitambo, atakuambia uende Lwang'ni. Jina hilo kwa Dholuo ni nzi, kwa hivyo hakuna aliyekuficha kitu. Vilikuwa vibanda vya mabati kando ya ziwa, karibu na kituo cha reli. Mheshimiwa na makanga walikaa benchi sambamba, kila mmoja akipambana na kichwa cha samaki. Watu waliosha gari hapo hapo ziwani wakingoja dishi.

Mwaka 2019, bandari ya Kisumu ikiwa inafufuliwa, vibanda hivyo vya ardhi ya reli vilibomolewa. Wapishi waliokuwa wamejenga jina kwa miaka wakatawanyika, na wateja wakatawanyika nao. Lakini stori za Lwang'ni hazikubomolewa. Bado zinatembea, na mgeni anakuja mbio akitafuta kitu alichosimuliwa, kisha anasema Kisumu imeharibika.

Ziwa lenyewe pia huwa halitulii. Mwaka 2020 maji yalipanda sana na kuingia kwa vibanda na nyumba za ufuoni. Gugumaji limekuwa likisumbua Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990, na likiziba ufuo, boti hazipiti. Kwa hivyo ukipewa ushauri wa mahali pa kula, uliza swali moja: "Ulikula hapo lini?" Kama jibu ni "kabla ya korona," shukuru halafu uulize mtu mwingine.

Swali la kwanza: samaki alitoka wapi?

Mtu akikaa mbele ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, anaamini samaki kwa sahani yake ametoka mle. Si lazima.

Kenya inamiliki karibu asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Nyingine yote ni ya Tanzania na Uganda. Kipande chetu ni kidogo, wavuvi ni wengi, na midomo ya kulisha kutoka Kisumu hadi Nairobi haihesabiki. Pengo hilo linajazwa na samaki wa namna mbili.

Wa kwanza ni samaki wa China. Huyu ni tilapia anayekuja kwa katoni akiwa ameganda barafu. Wauzaji wanampenda kwa sababu bei yake haipandi na kushuka kila siku, na saizi zinafanana. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kuwa itafutwe njia ya kumzuia, na ikazua mvutano na China kwa siku kadhaa. Hakuisha sokoni.

Wa pili ni samaki wa kizimba. Huyu amefugwa ndani ya ziwa lenyewe, kwa neti kubwa zinazoelea. Ni mbichi, ni wa hapa, na ufugaji wake umekua sana miaka hii ya karibuni. Una hatari zake pia: Novemba 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana kwa muda mfupi, hewa ilipopungua kwa maji.

Tuwe wakweli hapa. Samaki wa China si sumu, na samaki wa kizimba si samaki wa uongo. Shida ni kulipa bei ya samaki aliyevuliwa asubuhi ukapewa aliyesafiri kwa meli wiki kadhaa. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa mteja haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na habari unayohitaji ili ufaidike nayo. Kwa hivyo ukiuliza "Mama, huyu ni wa ziwa, wa kizimba ama wa China?" hujakosea adabu. Mpishi mzuri atakujibu bila kununa. Mwingine atakuonyesha wote watatu na bei zao.

Kama unataka kujiangalilia mwenyewe:

- Macho yawe angavu, yameng'aa na yamejitokeza. Yakiwa yamezama na yana ukungu, huyo amekaa.
- Fungua mashavu. Ndani pawe pekundu, si kahawia.
- Bonyeza mwili kwa kidole. Nyama ikirudi haraka, yuko sawa. Ikibaki na shimo, achana naye.
- Harufu iwe ya ziwa. Kama pua inakuambia urudi nyuma, irudie.
- Wa katoni kwa kawaida huja ameshatolewa magamba na matumbo. Ukikuta safu ya samaki wanaofanana kama mapacha na hakuna gamba hata moja karibu, uliza.

Swali la pili: nani alimchagua?

Hapa ndipo stori mbili huanza kutengana. Msee wa kwanza alisimama, akaenda hadi kwa beseni, akaonyesha kwa kidole: "Nipikie huyu." Msee wa pili alikaa, akatoa simu, akamwambia weita, "Niletee samaki mkubwa."

Mkubwa kiasi gani? Kwa weita, mkubwa ni yule mkubwa. Kwako, mkubwa ni yule wa bajeti yako. Ufuoni samaki hauzwi kwa sahani kama chipo, anauzwa kwa saizi yake. Menyu ikiwepo, mara nyingi itasema tu "samaki" na bei ya kuanzia. Usipochagua, umempa mtu mwingine mfuko wako achague.

Jambo lingine: wakati mwingine unafika ufuoni na watu wanne wanakushika mkono, kila mmoja anakuita kwa kibanda chake. Huyo anayekuvuta sana anaweza kuwa analipwa kwa kila mteja anayeleta. Hakuna ubaya, hiyo ni mboka yake. Ila usikae kwa sababu umevutwa. Zunguka kwanza. Angalia kibanda gani kimejaa watu wanaoongea na mpishi kama wanajuana naye. Hao ni wateja wa kila wiki, na mteja wa kila wiki harudi mahali alipopigwa.

Swali la tatu: bei ilitajwa lini?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wanaongea kuhusu kulea watoto, lakini hapa Dunga chukua hilo neno vile lilivyo. Bei inaongelewa samaki akiwa mbichi, ameshikwa mkononi, bado hajaguswa na mafuta. Akishaingia kwa sufuria, wewe huna tena nguvu ya kubishana. Utarudisha nini? Mifupa?

Kabla hujasema umeibiwa, sikiza pia upande wa jikoni. Bei ya samaki hubadilika kila siku kwa sababu uvuvi hubadilika kila siku. Upepo ukikataa, boti hazitoki. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hivyo mwezi ukiwa mpevu taa haivuti, na omena zinapungua. Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka upande wa Kenya ili zizaane, na miezi hiyo usishangae bei ikiruka. Mama aliyekuuzia kwa bei fulani Krismasi na leo ameongeza hajakuwa mwizi, amenunua ghali.

Kubishana bei kuna adabu zake. Salimia kwanza, hata kwa Dholuo cha kuvunjika. "Amosi, mama" inafungua mlango. Kisha "Nengo en adi?" ni kuuliza bei. Atacheka matamshi yako, atataja, utapunguza kidogo, mtakutana katikati. Ukianza kwa "Hii ni wizi, mnafikiri sisi wa Nai tuna doo?" hapo umefunga mlango na bado una njaa.

Na uliza bei ya kila kitu, si samaki peke yake. Ugali uko ndani ama unalipwa kando? Mboga je? Soda? Msee wa kamera aliyekupiga foto tatu "za mapenzi"? Boti ya kuzungusha mbogi yako? Bili nyingi zinazolalamikiwa zilikuwa sawa kwa samaki, zikavimba kwa vitu vidogo ambavyo kila mtu mezani alidhani ni sare.

Swali la nne: unajua unangoja nini?

Lalamiko namba moja la wageni: "Tulingoja sana." Sifa namba moja ya wenyeji: "Samaki alikuwa moto na mbichi." Watu hawa wanaongelea kitu kimoja.

Fikiria kazi yenyewe. Samaki anachaguliwa, anatolewa magamba, anapasuliwa, anaoshwa, anakatwa mistari ili mafuta yaingie. Mafuta yanachemshwa hadi yawe moto kweli, samaki mzima anazama na kukaangwa hadi ngozi ikauke. Akiishia hapo, huyo ni dry fry. Kama umeitisha wet fry, kazi ni nusu: vitunguu na nyanya zinakaangwa hadi zivunjike, samaki anarudi ndani, anachemka hadi mchuzi umshike. Ugali nao unasongwa kando, na ugali wa hapa si uji, ni mlima. Kazi yote hiyo inafanyika kwa jiko moja au mawili, na kuna meza sita mbele yako.

Kwa hivyo samaki akifika haraka sana, uliza maswali. Pengine alikaangwa asubuhi na amepashwa tu. Hiyo pia ni sawa kama una basi la kushika, lakini usilipe kama umengojea.

Mwenyeji hufanya hivi: anafika, anachagua, anakubaliana bei, anaacha order, kisha anaenda kutembea kwa daraja la mbao au kuzunguka na boti. Anarudi dishi iko karibu. Mgeni anakaa pale pale na njaa, anaangalia saa kila dakika. Samaki ni wa muda uleule, lakini kwa mgeni anachelewa zaidi.

Hoteli kubwa: hesabu kabla ya mshtuko

Kuna wasee hawataki moshi wala kelele, na hakuna dhambi hapo. Date ya kwanza, mkutano wa kazi, mzee wako anatimiza miaka 60: hoteli ya Milimani inaeleweka. Pia ukiwa na mtu wa kiti cha magurudumu au mtoto mdogo, sakafu tambarare na choo safi ni muhimu kuliko mandhari.

Mshtuko huku ni wa aina nyingine. Angalia chini kabisa ya menyu, kwa yale maandishi madogo. Kama bei haijajumlisha ushuru, kuna VAT ya asilimia 16 na ada ya utalii ya asilimia 2. Sahani ya thao moja inakuwa 1,180, na hapo bado hujaongeza ada ya huduma kama wanayo. Mkiwa watu watano, tofauti hiyo ni samaki mzima ufuoni.

Kibanda hakikutozi hivyo, kwa sababu biashara ndogo ambayo mauzo yake kwa mwaka hayajafika milioni 5 hailazimishwi kujisajili kwa VAT. Ndio maana kulinganisha bei ya hoteli na ya kibanda moja kwa moja ni kuonea mmoja wao.

Vibanda: raha ya siku ya kazi

Ukitaka kujua Kisumu inakula nini wakati hakuna mgeni, ingia kibanda cha Kibuye au Kondele saa saba mchana. Mafundi, wauza mitumba, watu wa nduthi na karani aliyevaa tai wanakaa meza moja. Unakula na mtu usiyemjua na mnapeana chumvi. Huyo atakuita "omera" kabla hamjamaliza.

Hapa omena inatawala, pamoja na mboga za kienyeji zilizochemshwa polepole na kumiminiwa maziwa hadi uchungu uishe. Wapishi wengi wanaanza kupika kukiwa bado giza. Ukichelewa, vitu vizuri vimeisha na unabaki na maharagwe.

Malalamiko ya vibanda ni usafi, na hayo usiyapuuze. Kipindupindu kimewahi kurudi Nyanza mara kadhaa. Sheria inataka kila mtu anayeshika chakula cha kuuza awe na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi 6. Hutamuuliza mama cheti kabla ya lunch, tunajua, lakini macho unayo. Angalia maji ya kunawa: yanamiminwa kutoka kwa jagi au mnachovya wote kwa beseni moja? Sabuni iko? Mboga zimefunikwa? Vyombo vinaoshwa kwa maji yaliyobadilishwa lini? Kibanda kidogo kinaweza kupita mtihani huu na hoteli kubwa ikaanguka.

Mgongo wazi: sahani yenye siasa

Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Alikula samaki wengi wadogo wa asili hadi baadhi wakapotea, kisha akawa mali. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vikaanza kutoa minofu yake na kuipeleka ng'ambo, Ulaya ikiwa mbele. Minofu ikapanda ndege. Kichwa na mifupa vikabaki Kisumu.

Wanawake wa Obunga wakanunua ile mifupa, wakaikausha, wakaikaanga, wakaiuza. Ndiyo mgongo wazi: mgongo wa samaki ambaye nyama yake imeshaondoka, na ile kidogo iliyobaki kati ya mifupa ni yako. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa hiyo biashara.

Wapeleke watu wawili hapo. Mmoja ataona umaskini kwa sahani na kukataa kukaa. Mwingine aliyekulia Nyalenda au Manyatta atafumba macho, kwa sababu hiyo ni ladha ya jioni ambazo hakukuwa na kitu kingine, na mathe alihakikisha mnalala mkiwa mmeshiba. Usimcheke yeyote kati yao. Ukienda, nenda na heshima, na simu yako usiipige foto sura za watu bila kuomba.

Kabla hujapunguza soo mbili za mwisho

Kuna kitu kinakosekana kwa stori nyingi za "nilipigwa Kisumu." Yule mama aliyekuuzia samaki, yeye alimpataje?

Kwa fuo nyingi za ziwa hili kuna mtindo unaitwa jaboya: mvuvi anamuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Samaki wakipungua, sharti linakaza. Umechangia sana maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwenye jamii za wavuvi, na kila mtu wa ufuoni anaujua. Wapo waliokataa. Wanawake wa Nduru, nje ya Kisumu, waliunda kundi linaloitwa No Sex for Fish, wakapata boti zao wenyewe na kuajiri wavuvi badala ya kuwabembeleza. Mafuriko ya 2020 yakawarudisha nyuma sana.

Hatusemi ulipe bei yoyote unayotajiwa. Bishana, ni sehemu ya soko. Ila mkishafika bei ya haki, zile soo mbili za mwisho unazotaka kupunguza ili upost kwamba wewe ni mjanja, kwake zinaweza kuwa ndizo zinamfanya aende ufuoni kesho na pesa taslimu mkononi, na asimhitaji mtu. Hiyo pia ni sehemu ya bei ya samaki.

Kamusi fupi ya menyu

- Ngege: tilapia. Mtamu, mifupa yake ni mikubwa na inaonekana. Mgeni aanzie hapa.
- Mbuta: sangara. Mkubwa sana, huuzwa kwa vipande, nyama nyingi na mafuta. Mzuri kwa choma.
- Omena: dagaa wa ziwa. Analiwa mzima, kichwa na vyote. Kavu ni kama karanga, wa mchuzi anataka ugali.
- Mumi: kambare. Hana magamba, kwa hivyo Waadventista Wasabato hawamli. Usimlazimishe beshte yako.
- Kamongo: samaki mrefu anayepumua hewa na kuvumilia matope wakati wa kiangazi. Wengine wanampenda akiwa wa moshi, wengine hawataki hata kumwona.
- Fulu: samaki wadogo wa asili, wengi walimalizwa na mbuta. Ukiwapata kavu, wewe ni mwenye bahati.
- Kuon: ugali. Kuon bel ni wa mtama, mweusi na mzito. Mtu aliyekula bila kuon atakuambia bado hajala.
- Osuga, apoth, dek, boo: managu, mrenda, saga na kunde, kwa mpangilio huo. Apoth inateleza, usishtuke.
- Aliya: nyama iliyokaushwa kisha ikapikwa mchuzi. Ina ladha kali, inajaza haraka.
- Gweno: kuku, na kwa kawaida wanamaanisha wa kienyeji. Jiandae kutafuna.

Kama uko Nairobi na huwezi kusafiri, chakula hiki kimeshahama zamani. Ranalo Foods, ile wengi huita K'Osewe, imefanya samaki wa Kiluo kuwa lunch ya kawaida katikati ya tao. Lakini hapo hakuna ziwa la kuangalia ukingoja.

Ya kushika kichwani

1. Uliza ushauri ni wa lini.
2. Zunguka vibanda kabla ya kukaa.
3. Chagua samaki mwenyewe, muulize mama ametoka wapi.
4. Kubaliana bei ya samaki, ugali, mboga na soda kabla moto haujawashwa.
5. Acha order, tembea, rudi.
6. Nawa kwa maji yanayotiririka.
7. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo.
8. Kula kwa mkono, toa mifupa polepole, na usiongee sana mdomo ukiwa na ngege.

Ukifanya hayo na bado dishi ikawa mbaya, basi kweli ilikuwa mbaya, na una haki ya kulalamika hapo hapo kwa mpishi kabla ya kumaliza sahani. Wengi watakubadilishia au kukupunguzia. Ukimaliza hadi mifupa halafu ulalamike, hata sisi hatutakusaidia.